Kabla Hujaomba Masta ya Theolojia, Una Swali Gani?

Msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wachungaji vijana na wainjilisti wa huku kwetu Tanga, wengine wako Handeni, wengine Mlalo, na wote wanauliza kitu kimoja: "Mchungaji, niende chuo gani?" Mimi huwajibu kwa kuwauliza: wewe unataka kujua nini? Hapo wengi hunyamaza, halafu wananiuliza tena kuhusu ada.

Ada tutaifikia. Kwanza hili la swali, maana ndilo linaloamua kama utamaliza au utabaki kuwa "yule aliyekwenda kusoma". Shahada ya kwanza unaweza kuipata kwa kuyashika vizuri waliyosema wengine: Agustino alisema hivi, Luther akasema vile, mtihani ukaisha. Masta inakudai wewe mwenyewe useme. Utakaa na tasnifu moja, usiku na mchana, mkeo ameshachoka kuisikia. Kama mada ulipewa na mtu kwa sababu "ina wafadhili", utaichukia kabla ya sura ya pili.

Tazama waliotutangulia. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alipokuwa Cambridge, tasnifu aliyoimaliza mwaka 1963 iliikutanisha eskatolojia ya Agano Jipya, yaani mafundisho ya siku za mwisho, na fikra za Wakamba, watu wake mwenyewe. Charles Nyamiti, padri wa kwetu Tanzania, aliandika kwa miaka mingi juu ya Kristo kama mhenga wetu. Walisoma Ulaya, lakini maswali walikwenda nayo kutoka nyumbani.

Na Tanga hatuna uhaba wa maswali. Mimi langu lilitoka kwenye misiba. Katika ukoo mmoja wa Kibondei au Kisambaa utakuta marehemu ni Mkristo, kaka zake ni Waislamu, shangazi mmoja alibatizwa, mwingine hakubatizwa. Wajomba wanataka azikwe leo leo, watoto wanasubiri mwenzao aliye Mwanza, wazee wa kanisa wanauliza ibada ni saa ngapi. Ikifika arobaini, mchungaji aende? Akienda, atoe neno au ale pilau akae kimya? Wazee wa usharika waliniuliza haya zamani, wakati huo sijui hata namna ya kuandika pendekezo la utafiti. Nilipofika chuoni na kuulizwa mada, sikuitafuta.

Ukiwa na swali, hata chuo kinaanza kujichagua. Angalia nani anafundisha eneo lako, si majengo. Makumira, chuo cha Walutheri pale karibu na Usa River, imekuwa ikifundisha theolojia tangu miaka ya 1950, na ukipanda basi la Arusha asubuhi, jioni uko huko. St. Paul's ya Limuru, Kenya, ina mizizi pwani hii hii: ilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, ikahamia Limuru mwaka 1930. Kule baridi si ya mchezo, mtu wa Tanga abebe sweta. Kwa Wakatoliki kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Ukitaka kwenda mbali kabisa kuna Bossey, karibu na Geneva, chuo cha kiekumene cha Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Swali lina gharama zake pia, na hapa watu hawapigi hesabu. Unataka kuandika historia ya misheni ya Magila, kule Muheza? Vizuri sana, ila nyaraka nyingi za UMCA, wamisionari wa Kianglikana walioianzisha, ziko Oxford, kwenye maktaba ya Bodleian. Unataka wamisionari wa Betheli, wale Wajerumani wa kule Usambara? Jiandae kusoma Kijerumani, tena cha mwandiko wa mkono wa zamani ule unaofanana na nyayo za kuku. Kama mfuko hauruhusu, chagua swali ambalo majibu yake yako kwa watu walio hai. Hata hao huwaendei hivi hivi: barua ya utafiti ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, mpaka kwa mtendaji wa kata. Kila mlango una kusubiri kwake.

Sasa ruhusa na fedha. Kwa mtumishi wa kanisa hivi viwili ni kitu kimoja. Ufadhili wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kwa mfano, unapitia kanisa lako, huombi peke yako. Kwa hiyo usiende kwa askofu na fomu mkononi ukitaka sahihi tu. Nenda na swali, mweleze dayosisi itapata nini. Halafu uliza, kwa heshima lakini uliza: posho itaendelea? Familia itabaki kwenye nyumba ya usharika? Nikirudi natakiwa kutumika miaka mingapi, na wapi? Yaandikwe. Nimeona ndugu wakirudi na shahada, wakakuta waliokubaliana nao wamestaafu na hakuna anayekumbuka kitu.

Kuhusu vile vyuo vya mtandaoni vinavyotangaza udaktari wa theolojia wa miezi michache, sina mengi. Kabla ya kulipa hata senti, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama cheti hicho kitatambuliwa. Siku hizi pwani nzima imejaa madaktari ambao hawajawahi kuandika ukurasa wa tasnifu. Tuwaache.

Ukishakubaliwa, usisubiri chuo kifunguliwe. Fufua Kigiriki chako hata kwa mistari miwili ya Marko kila asubuhi, maana wengi tulikizika siku ile ile ya mtihani wa mwisho. Kiingereza cha kuandika nacho kinauma kuliko cha kuongea. Maktaba ya mtandaoni ya Globethics haina malipo, jiandikishe, anza kushusha makala za eneo lako huku ukiwa bado na mtandao mzuri wa mjini.

Mwaka wa masomo kwa vyuo vyetu vingi huanza Oktoba au Novemba. Halmashauri za dayosisi hazikutani kila wiki. Anayetaka kuondoka mwaka huu, barua yake iwe imefika kwa askofu kabla ya Pasaka, ikiwa na ukurasa mmoja unaoeleza swali lake kwa Kiswahili ambacho mzee wa kanisa anaweza kukisoma na kukibishia. Ukishauandika, nitumie nami nikubishie.