Binti mwenye ualbino hamalizi kunakili ubaoni: usimhamishe kwanza

Pole, mama mwenzangu. Umesema binti yako ana ualbino, yuko darasa la tatu shule ya kawaida, mwalimu anamwita mzito kwa sababu hamalizi kunakili ubaoni, na sasa mnashauriwa mumpeleke shule maalumu ya bweni. Naomba usikimbilie bweni. Mwanangu alipitia hayohayo, leo yuko kidato cha pili.

Mwaka mzima tulidhani tatizo ni akili. Mwalimu wake alikuwa akimkuta kalaza kichwa upande, kidevu juu, anamfokea: "Nyoosha shingo, acha madeko!" Akinyoosha, haoni. Kliniki ya macho ndiko nilikoelewa. Macho ya watoto wetu huchezacheza yenyewe, na wengi wao wana pembe fulani ambayo yanatulia kidogo. Shingo ikipinda hivyo ndipo anasoma. Mkalishe binti yako na kitabu jioni, umtazame bila kusema neno, huenda ukaiona pembe yake.

Halafu zungumza na mwalimu kuhusu kiti. Usiseme "mbele" ukaishia hapo. Wangu aliwekwa mbele akielekea dirisha, jua likawa linampiga usoni na ubao unang'aa, akaona kidogo kuliko mwanzo. Tulipomgeuzia upande wa pili, dirisha likawa mgongoni kwake, alianza kumaliza wiki hiyohiyo. Na miwani mnunulie akiandikiwa, ila ujue haimfanyi aone kama wenzake.

Kubwa kuliko yote, na halina gharama: mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Fundi seremala wa mtaani kwetu alitutengenezea pia kibao cha mshazari cha kuwekea daftari, elfu saba tu. Kabla ya hapo mtoto alikuwa anainama mpaka pua inagusa karatasi, anarudi nyumbani analalamika mgongo, na miaka yake tisa!

Ulizia vitabu vya maandishi makubwa vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Sisi tuliambiwa havipo, kumbe vimo stoo, kamba hazijafunguliwa. Aliyevitoa ni afisa elimu maalumu wa halmashauri. Mtafute huyo mapema, hata kama mwalimu mkuu ni mwema. Yeye ndiye aliyesaidia pia mtoto aruhusiwe kuvaa kofia pana uwanjani, maana sare ya shule haikuwa na kofia na mtoto alikuwa anaungua gwaride zima.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ukikaribia, hakikisha uoni hafifu umeandikwa wakati wa kumsajili. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini lazima wajue mapema kwamba yupo. Siku ya mtihani hakuna wa kumlilia.

Ukiyafanya haya kwa muhula mzima na bado anakwama, hapo shule maalumu ni jambo la kukaa na kuliongea. Ukienda kuiangalia, uliza ni walimu wangapi wamesomea elimu maalumu, chuo cha ualimu cha Patandi au kwingine, na uombe kuyaona mabweni usiku, taa zikiwa zimewashwa.