Baruch au NYU? Usiishie kwenye ada

Dada, umeuliza kijana wako asome uhasibu Baruch, chuo cha umma, au NYU (New York University), chuo binafsi, na vyote viwili viko Manhattan, jijini New York. Ada ya Baruch kwa mkazi wa New York ni dola 6,930 kwa mwaka. NYU inapita dola 60,000, hapo hujagusa chumba wala chakula. Ila hiyo ni bei iliyotangazwa. Ingia College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani, uangalie wastani wa gharama baada ya misaada kwa familia yenye kipato kama chako.

Barua ya msaada wa masomo ambayo chuo kitamtumia muisome mstari kwa mstari, tafadhali. Ya mpwa wangu ilijumlisha ruzuku na mkopo kwenye hesabu moja, tukashangilia nyumba nzima. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa deni! Kila penye neno "loan", yaani mkopo, toa kwenye hesabu.

Asilimia ya wanaohitimu kwa kawaida huhesabu waliomaliza ndani ya miaka 6, si 4. Miaka hiyo 2 ya ziada ni kodi ya nyumba pamoja na mshahara ambao hajaanza kuupata.

Kwenye kipato cha wahitimu, humo humo College Scorecard, usichukue wastani wa chuo kizima, unachanganya mhasibu na mwigizaji. Fungua kozi yenyewe. Tena wanahesabiwa waliopata msaada au mkopo wa serikali kuu tu.

Kama mnaishi mjini humo na NYU haijatoa ruzuku nono, mimi ningempeleka Baruch, alale nyumbani.