Gari Likitetemeka Ukifika 80, Usikimbilie Matairi

Juzi msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia. VX lake linatetemeka likifika kilomita 85 kwa saa, amenunua matairi manne mapya, tatizo liko pale pale, na sasa fundi anataka kushusha giaboksi. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Nilijiona mwenyewe miaka mitatu iliyopita, ila mimi nilikuwa nimeshavuka matairi na kufika kwenye shokapu.

Langu ni Land Cruiser VX, toleo linaloitwa 80 (hiyo ni namba ya toleo, si mwendo), gia za mkono, linavuta magurudumu yote manne muda wote. Hilo la mwisho lishike vizuri. Kwenye gari ambalo mbele unaunganisha mwenyewe ukifika kwenye tope, propela ya mbele, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, imelala siku nyingi za maisha yake. Ya gari letu hailali. Ukienda dukani kununua mkate, inazunguka.

Ilikuwa hivi. Nilipeleka gari gereji kubadilisha krosi za propela ya mbele, yale maungio ya msalaba yanayoiwezesha kuzunguka ikiwa imepinda, kwa sababu vikombe vyake vilianza kutoa unga mwekundu, ile kutu ya krosi iliyokauka grisi. Fundi alikuwa mtu wangu wa miaka mingi. Nimempelekea wateja, nimechangia harusi yake. Akafanya kazi, nikalipa, nikaondoka. Siku mbili baadaye tunakwenda Karatu, tumeshaiacha Arusha na lami ya kuelekea Makuyuni imenyooka, mshale ukagusa 80 na sakafu ikaanza kunguruma chini ya nyayo kama simu iliyowekwa mtetemo juu ya bati. Mama mkwe yuko nyuma. Akauliza kwa upole, "Baba, hili gari lina homa?"

Nilicheka, lakini kilima cha juu ya Mto wa Mbu sikukifurahia. Kupanda kwa mzigo, mngurumo ukawa mkubwa. Ukiachia mafuta, unabadilika sauti. Zile zote zilikuwa dalili, nami sikuwa na masikio.

Miezi iliyofuata nitaipitia haraka kwa sababu inaniuma: balansi ya matairi mara tatu, tairodi, shokapu za mbele, mauntini za injini (raba zinazoishika). Kila mara yule fundi ananiambia, "Mzee, gari limekula chumvi." Shemeji akanishauri niuze. Pesa iliyopotea sitaitaja hapa, mke wangu anasoma ukurasa huu.

Kilichoniokoa ni hesabu ya darasa la saba. Tairi langu likizunguka mara moja gari linasogea kama mita 2.4. Kwenye kilomita 80 kwa saa, tairi linazunguka mara 9 hivi kwa sekunde. Difu yangu, ile seti ya gia kwenye ekseli, ni ya 4.1, maana yake propela inazunguka mara 4.1 kila tairi linapozunguka mara moja, yaani karibu mara 38 kwa sekunde. Tairi bovu linakutikisa polepole, unaliona kwenye usukani, mikono inacheza. Propela haikutikisi, inakunguruma. Unaisikia kwenye sakafu, kwenye kiti, kwenye fimbo ya gia. Mimi nilikuwa na mngurumo, na watu walikuwa wananiuzia dawa ya mtikisiko.

Kabla ya hapo nilishafanya jaribio moja la bure: barabara tupu, mwendo ule ule wa 80, nikakanyaga klachi na kuweka frii. Injini ikashuka, mngurumo ukabaki. Basi si injini. Jaribio hilo lilitakiwa kuja kabla ya kununua mauntini, lakini nani alinifundisha?

Jumamosi moja nikachukua spana mbili za 14, nikalala chini ya gari nyumbani kwangu na kufungua bolti nne kila upande. Propela ya mbele ikashuka. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari halikusogea hata inchi. Kijana wa jirani aliyekuwa ananisaidia akashika kichwa: "Mzee, umeua giaboksi!" Kwa sekunde chache nilimwamini. Halafu nikakumbuka difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma: ikiwa wazi, nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo, na mbele sasa hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe cha kuifunga, taa ikawaka, gari likaondoka kwa propela ya nyuma peke yake.

(Hapa nisikilize vizuri. Propela ikiwa chini na difu ya kati ikiwa wazi, kuliacha gari kwenye gia hakulishiki. Vuta breki ya mkono na weka mawe kwenye matairi. Langu lilianza kuteremka kuelekea kwenye banda la kuku.)

Nikaenda hadi Usa River na kurudi. Kimya. 80, 90, kimya. Sioni aibu kusema nililia kidogo.

Niliporudi nikaiosha ile propela kwa petroli, na ndipo nikaona. Mzee mmoja aliyenitengenezea gari zamani, marehemu sasa, aliwahi kuweka nukta mbili za rangi nyeupe pale inaporefuka na kufupika: moja kwenye bomba, moja kwenye ala ya meno. Zilitakiwa kutazamana. Zilikuwa zimepishana karibu theluthi ya mzunguko. Mtu wangu aliichomoa, akabadilisha krosi, akaichomeka popote meno yalipokubali.

Krosi ikikaa kwenye pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili kazi yake ni kufuta kosa la ya kwanza. Ukikosea meno, badala ya kufuta inaongezea. Na usiseme utapanga kwa jicho yoki, zile uma zinazoshika krosi, zitazamane, kwa sababu zipo propela ambazo kiwandani zilipishanishwa makusudi. Weka alama kabla ya kuchomoa. Nasema tena: alama, kabla ya kuchomoa. Mkebe wa rangi ni bei ya soda mbili tatu, na wewe unayejiita fundi bila mkebe huo unakula jasho la watu.

Nilirudisha nukta zikatazamana, nikapiga grisi kwenye krosi hadi ya zamani ikatoka. Kwenye nipo ya meno, kile kitundu cha kupigia grisi, pampu chache tu, kwani ukiijaza propela inashindwa kufupika na inasukuma beringi.

Sasa wewe ndugu wa Makambako. Umeniambia uliinua springi inchi 2 na kuweka zile bushi za kurudisha usukani katika hali yake baada ya kuinua gari. Kwenye toleo la 80 bushi hizo zinazungusha ekseli, pua ya difu ya mbele inainama, na pembe ya krosi ya chini haifanani tena na ya juu. Inawezekana propela yako ni nzima kabisa, tatizo ni pembe. Usifungue giaboksi. Shusha propela ya mbele, funga difu ya kati, nenda kilomita kumi. Mngurumo ukipotea, pima pembe juu na chini, uniandikie namba.

Fundi wangu bado tunasalimiana. Ananiona napita na VX lile lile aliloniambia limekula chumvi, ananipungia mkono, nami napunga. Hajawahi kuniuliza lilikuwa na nini.