Mtoto hakumbuki ya utotoni. Je, yanaweza kumrudia akiwa kijana?

SWALI: Namlea binti wa marehemu dada yangu hapa Nyalenda, Kisumu. Babake alikuwa mlevi, akimpiga mamake mbele yake. Dada alipofariki, mtoto alizungushwa kwa jamaa kadhaa kabla ya kufika kwangu akiwa na miaka mitatu. Sasa yuko gredi ya 8, na juzi nimekuta ameandika daftarini kwamba afadhali asingezaliwa. Ya utotoni hakumbuki. Yanaweza kuwa chanzo? Na nikimuuliza kuhusu kujiua, si nitakuwa nimempa wazo?

JIBU: Dada, nianze na la mwisho, maana haliwezi kungoja. Muulize leo, waziwazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Tafiti nyingi zimelichunguza jambo hili, na kuuliza hakumpi mtoto wazo hilo, wengi hupata nafuu. Akikubali, usimkemee wala usimhubirie. Msikilize, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Tembe na dawa za shamba zilizomo nyumbani zifungie kwa ufunguo.

Sasa ya utotoni. Ndiyo, yanaweza kuchangia, hata asipoyakumbuka. Mtoto mchanga hajui kujituliza. Hutulizwa na mtu mzima yule yule, tena na tena, hadi mwili wake unazoea kurudi katika utulivu. Mlezi akiwa anapigwa, au akibadilika kila baada ya muda mfupi, mwili wa mtoto hukaa macho, na homoni za msongo kama kotisoli huvurugika. Akibalehe, neno kali la mwalimu au kutengwa na marafiki humuumiza zaidi na kumkalia muda mrefu.

Kwangu mimi, kule kuzungushwa kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Huku Nyanza, miaka ya ukimwi, jamaa waligawana watoto wa marehemu kwa upendo, na wengi waliokolewa hivyo. Lakini ni wachache walioelezwa kwa nini wanahamishwa, na mtoto asiyeelezwa hujijibu mwenyewe: mimi ni mzigo.

Mwaka 2001 Shanta Dube na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 17,000 huko San Diego, Marekani. Kila aina ya dhiki ya utotoni, kama kunajisiwa, mama kupigwa au kuishi na mlevi, iliongeza uwezekano wa mtu kujaribu kujiua mara 2 hadi 5, na zilipolundikana uwezekano ulipanda zaidi. Hizo ni takwimu za kundi. Hazimtabirii binti yako. Wengi waliopitia hayo hawajawahi kujaribu.

Kwa hiyo usiyashike ya zamani ukasahau ya leo. Chunguza kama anaonewa shuleni, au kama kuna mtu anayemgusa vibaya. Mweleze alivyofika kwako na kwamba ulimtaka. Mwonyeshe picha ya mamake. Na hata ukikasirika vipi, usimtishe kwamba utamrudisha kwa babake.

Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapo mjini ina huduma za afya ya akili, na simu ya watoto, 116, ni ya bure. Usifiche kitu kwa kuogopa polisi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kinakiuka katiba. Nenda na hilo daftari, umwambie daktari yote uliyoniandikia.