Mbwa ana nywele au ana manyoya?

Swali: Ninafasiri makala ya sayansi kuhusu jeni zinazoongoza uotaji wa nywele za mbwa. Mhariri wangu amefuta neno "nywele" kila mahali na kuweka "manyoya," kwa hoja kwamba nywele ni za binadamu peke yake. Je, yuko sahihi?

Jibu: Kwa mazungumzo ya kila siku, mhariri wako hajakosea, kwani mbwa, paka na sungura husemwa kuwa wana manyoya. Shida ni kwamba neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa kuku na bata, ilhali katika biolojia nywele ni sifa ya mamalia na manyoya ya ndege ni kitu kingine kabisa, ingawa vyote viwili hujengwa kwa keratini, aina ya protini ngumu. Mwanafunzi akisoma kwamba "mamalia wote wana manyoya," ana haki ya kumfikiria bata.

Ushauri wangu ni kutumia maneno yote mawili, kila moja mahali pake: "unywele" uwe uzi mmoja unaoota kwenye ngozi, na "manyoya" yawe vazi zima la mnyama. Chukua utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioonyesha kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa wa koo mbalimbali zinatokana na jeni tatu tu. Kuhusu ya kwanza unaweza kuandika hivi: "Jeni ya FGF5 huashiria unywele uache kurefuka, ikiwa na hitilafu, unywele huendelea kukua kwa muda zaidi, na mbwa huwa na manyoya marefu." Ukiweka "manyoya" pande zote mbili za sentensi hiyo, msomaji hataona tena nini kimesababisha nini.

Jeni ya pili, KRT71, inahusika na keratini ya ala inayouzunguka unywele ungali ndani ya kinyweleo, na badiliko lake huufanya unywele ujikunje. Hapa usihofu kuandika "kinyweleo," maana ndilo tundu la ngozi unamoota unywele. Wapo wanaosema "vinyweleo vilinisimama," lakini kinachosimama ni malaika, yaani nywele laini za mwilini.

Ya tatu, RSPO2, ndiyo inayowapa baadhi ya mbwa masharubu na nyusi nene. Nadhani mhariri wako hakuyagusa maneno hayo mawili, ingawa nayo tumeyazoea zaidi kwenye uso wa mtu.

Jambo moja tu lichunge sana, nalo ni upatanisho. Nomino "unywele" imo katika ngeli ya U-ZI: unywele umejikunja, nywele zimejikunja. Ukiandika "nywele yake ni ndefu," mhariri akifuta usimlaumu.