Ukimaliza kuandamana, nani anaingia ofisini?

Kijana mmoja wa kwetu Kongo anayeishi Kentucky, Marekani, ameniuliza: “Kaka, tuandamane au tumfuate mbunge?” Tangu Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 swali hili linanifuata kila mahali. Jibu langu halibadiliki: fanyeni yote mawili, ila ya ofisini yana adabu zake.

Mimi barabara naijua. Novemba 2012, M23 walipoingia Goma mara ya kwanza, tulisimama mbele ya Ikulu ya Marekani na bendera zetu, baridi inakata masikio, akina mama wakiimba hadi sauti zikakauka. Nililia siku ile, na sioni aibu kusema. Lakini bango moja lilidai vikwazo, la pili lilimtaka Kabila, rais wetu wa wakati ule, aondoke, la tatu lilikuwa matusi matupu. Mpita njia angejuaje tunataka nini?

Nikaanza kwenda kwa wabunge. Mheshimiwa mwenyewe humwoni. Anakupokea msaidizi wake, kijana aliyemaliza chuo juzi, ana daftari na dakika chache kabla ya wageni wengine. Kwanza atauliza unaishi wapi. Ukiwa si wa jimbo lao, kalamu inalala. Kwa hiyo tulimtanguliza mama mmoja mpiga kura wa jimbo lile, mzaliwa wa Masisi, huko huko mashariki mwa Kongo, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama. Alipotaja kijiji chake, yule kijana akamwomba amtajie herufi moja moja, akaandika. Ndipo tukatoa karatasi yetu: ukurasa mmoja, ombi moja. Historia yote ya vita vyetu tangu 1996 tuliiacha nyumbani.

Wenzangu wa mabango wakaniita msaliti, eti nimenunuliwa kwa tai ya shingoni. Wengine nilikula nao sahani moja. Bado linaniuma, niseme ukweli.

Lakini tazameni. Julai 2012, baada ya ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyosema Rwanda inawasaidia M23, Marekani ilikata dola 200,000 za msaada wa kijeshi kwa Rwanda. Kwa serikali hiyo ni hela ya chai. Hata hivyo Uholanzi na Ujerumani nazo zikazuia fedha zao, na Kigali ikalalamika sana. Novemba 2013 M23 walishindwa vitani, jeshi letu likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Sisemi dola zile ndizo zilizowashinda. Nasema mfadhili akifunga mkoba, mwenye vita anasikia.

London, 15 Februari 2003, umati unaokadiriwa kufika milioni moja ulipinga vita ya Iraki. Tarehe 18 Machi wabunge wakaipitisha kwa kura 412 dhidi ya 149. Kwa upande mwingine, mabomu ya Marekani huko Kambodia yalikoma 15 Agosti 1973 kwa sababu Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilikata fedha, na Kongresi ile isingethubutu bila miaka ya watu kujaa barabarani. Kwa hiyo anayedharau maandamano naye anyamaze.

Basi acheni uvivu, ndugu zangu. Kujipiga picha na bendera si kazi. Agosti wabunge huwa majimboni mwao. Barua ya kuomba miadi itoke Juni. Ombi liwe moja, mpiga kura atangulie, na mvae vizuri. Atakayewacheka mwacheni ashike bango, nalo linahitaji mtu.