Wiki saba baada ya upasuaji, kope bado linaanguka

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nina miaka 31, nipo Morogoro. Nina miasthenia gravisi, ule ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu. Wiki saba zilizopita nilipasuliwa kifua katikati, nikatolewa tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Asubuhi niko vizuri, ila jioni kope la kushoto linaanguka na naona vitu viwili viwili. Mama mkwe anasema hela imepotea bure. Je, niache vidonge? Na nitaanza lini kuteka maji?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nami nina kovu kama lako, la mwaka 2004. Wiki yangu ya saba nilijimwagia chai kwenye gauni, mkono umegoma kufika mdomoni, nikalia kama mtoto. Basi kope moja la jioni halinitishi.

Vidonge usiviache wala usivipunguze bila daktari, hasa predinisoloni, ile ya kutuliza kinga ya mwili. Kuikatisha ghafla ni hatari. Ugonjwa huu ni kinga ya mwili kushambulia pale mshipa wa fahamu unapouamrisha msuli, na thaimasi ni mojawapo ya vyanzo vya kosa hilo. Ikishatolewa, kinga iliyokwisha kosea bado inazunguka mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 126 wasio na uvimbe kwenye tezi, uliwafuatilia kwa miaka 3. Waliopasuliwa walipata nguvu zaidi na walihitaji predinisoloni kidogo kuliko wasiopasuliwa. Miaka, si wiki. Mkweo ni mkulima? Muulize kwa adabu kama mahindi huvunwa wiki ya saba. Halafu ulizia majibu ya maabara ya tezi yako, maana wengi hutoka hospitali bila kuyadai.

Maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mfupa wa kifua huchukua kama miezi mitatu kushikana. Kwa sasa jagi linakutosha, aone haya anayetaka kuona. Ukikohoa, kumbatia mto. Ukiamka, lala ubavu kwanza. Usijivute kwa mikono. Piridostigmini, kidonge cha kuupa msuli nguvu, meza nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, taya zisichoke ugali ungali mdomoni. Pika asubuhi, umekaa kwenye kigoda, kabla jua halijakolea. Joto hutumaliza.

Andika kikaratasi cha dawa za kuhadhari nazo, ukitie kwenye pochi: gentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, kwinini, klorokwini, sindano ya magineziamu. Zote zinaweza kutulegeza zaidi. Mimi niliwahi kuandaliwa dripu ya kwinini kwenye zahanati moja. Nilikuwa na homa, sina nguvu ya kubishana. Kikaratasi kilibishana.

Kidonda kikitoa usaha, au mfupa ukigonga unapokohoa, rudi kwa aliyekupasua. Ukipaliwa na mate, ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au ukashindwa kuhesabu hadi 20 kwa pumzi moja, nenda hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda. Mkweo abaki na mtoto.